Betri chakavu, madini ya risasi na bei ya sumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sumu ya kiwandani ikiingia mwilini mwa mtu ambaye hakununua wala kuuza chochote, nani analipa? Ukurasa huu unajibu swali hilo kupitia betri za risasi: za magari, za sola, za minara ya simu. Nimezichagua kwa sababu zimejaa kila mahali Afrika Mashariki, madhara yake yanajulikana vizuri kitabibu, na hapa pwani ya Kenya tuna kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu. Mengi yanayosemwa hapa yanahusu pia zebaki, rangi za nyumba na takataka nyingine za sumu.

Risasi inamdhuru mtu vipi?

Mwili huichukua kana kwamba ni kalisi. Huipeleka kwenye mifupa, na huko inaweza kukaa miongo mingi ikirudi kidogo kidogo kwenye damu, hasa wakati wa ujauzito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kwa kumeza kiasi hichohicho, na ubongo wake bado unajengwa.

Sumu ikiwa nyingi huleta degedege na kifo. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, baada ya watu kuchekecha mchanga wa mahali palipokuwa pakivunjwa betri ili wapate mabaki ya risasi ya kuuza. Bei ya risasi duniani ilikuwa imepanda sana wakati huo.

Lakini mara nyingi hakuna dalili ya kumkimbiza mzazi hospitali. Mtoto anakuwa mzito wa kusoma, hatulii, anasahau. Mzazi anadhani ndivyo alivyozaliwa. Kwa uchumi, jambo hili ndilo zito kuliko yote: madhara yakiwa hayaonekani, yakichelewa miaka na yakitawanyika kwa watu wengi, hakuna anayempelekea bili aliyeyasababisha.

Betri iliyokufa ina thamani gani hata watu waigombanie?

Betri ndogo ya gari ina uzito wa kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Tuseme kilo 9. Kwa miaka ya karibuni tani moja ya risasi imekuwa ikizunguka dola 2,000 kwenye Soko la Metali la London, kwa hiyo ndani ya betri moja iliyotupwa nyuma ya gereji kuna risasi ya karibu dola 18. Kwa kijana anayezunguka na mkokoteni akikusanya skrepa, hakuna kitu kingine mtaani chenye uzito huo kinachomlipa hivyo.

Ndiyo maana betri hazizagai kama chupa za plastiki. Zinaokotwa, zinanunuliwa, zinauzwa tena. Hazipotei. Tatizo ni kwamba zinafika kwa mtu asiyefaa.

Kwa nini anayekiuka sheria humshinda anayeifuata?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, wanaotunga sheria hawalikalii vya kutosha.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Moto wa mkaa kwenye shimo unatosha. Hakuna mtaji unaohitajika zaidi ya shoka, sufuria kuukuu na mtu aliye tayari kuvuta moshi. Sasa mtazame mwenye kiwanda halali. Lazima asafirishe betri zikiwa nzima na maji yake ya betri ndani, yaani analipia uzito wa tindikali barabarani. Lazima aisafishe tindikali hiyo kabla ya kuimwaga. Lazima awe na vichujio vya kukamata vumbi, awapime wafanyakazi damu, awape bafu na sare zinazofuliwa kazini ili vumbi lisiende nyumbani, na ahifadhi mabaki ya tanuru mahali pasipovuja. Yule wa shimoni humwaga tindikali chini palepale, akaokoa nauli na gharama ya kuisafisha, na moshi wake unachukuliwa na upepo.

Wote wawili wananunua betri kwa msambazaji yuleyule. Mwenye gharama ndogo ndiye anayeweza kutoa bei kubwa zaidi kwa kilo, kwa hiyo betri zinamfuata yeye. Kinachouma ni kwamba wa shimoni anapoteza risasi nyingi ndani ya mabaki yake, kwa sababu unga ulio kwenye sahani za betri unahitaji joto kubwa kuliko sahani zenyewe. Ni fundi mbaya wa kazi hiyo. Hata hivyo anashinda, kwa kuwa alichookoa kwa kutolinda mtu yeyote kinazidi alichopoteza kwa kukosa ujuzi.

Kisha risasi hiyo inauzwa. Nyingine inakuwa chubwi za wavuvi, nyingine inakusanywa na kusafirishwa ng'ambo, na bei yake kwenye soko la dunia haina nyongeza kwa aliyeiyeyusha kwa usafi. Kwa hiyo mkaguzi akifunga kiwanda kimoja na asifanye lingine, betri zilizokuwa zikienda pale haziishi. Zinaingia nyuma ya nyumba za watu.

Owino Uhuru palitokea nini?

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato kidogo Mombasa, upande wa Mikindani, wenye wakazi karibu 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukutani mwa mtaa huo na kikafanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa 2014. Moshi uliingia vyumbani, maji machafu yakapita katikati ya makazi. Watu wakaanza kuwa na mimba zinazoharibika, watoto wasio na afya, mifugo inayokufa.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Maziwa ya mama yalikuwa yamebeba sumu. Aliacha kazi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira, akakamatwa kwa kuandamana, hakunyamaza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Lawama haikuishia kwa wenye kiwanda: mahakama iliziwajibisha pia taasisi za serikali, ikiwemo mamlaka ya mazingira, NEMA. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliyatengua malipo hayo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha.

Tazama hesabu yake. Bilioni 1.3 ukizigawa kwa watu 3,000 ni kama shilingi 430,000 kwa kila mmoja, na hukumu ya mwisho ilikuja miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa. Isitoshe, kiwanda kilikuwa chini ya EPZ, mpango wa viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje, ambao kwao Kenya huwapa wawekezaji msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo. Umma ulianza kwa kuacha kodi, ukaendelea kwa kuugua, na sasa sehemu ya fidia inadaiwa kwenye hazina ya umma uleule. Mimi sioni njia ya kuuita huo uwekezaji wenye faida kwa nchi.

Si kuna kanuni ya mchafuzi kulipa? Kwa nini halipi?

Kanuni ipo. Nchi tajiri za OECD ziliikubali mwaka 1972, Azimio la Rio la 1992 likaiweka kwenye kanuni ya 16, na imo ndani ya sheria za mazingira za Kenya (1999) na Tanzania (2004). Shida ni kwamba unaweza tu kumlipisha mtu aliye nacho.

Kampuni ndogo yenye tanuru mbili na kiwanja cha kupanga inaweza kusababisha hasara mara mia ya mali yake yote. Ikidaiwa, inafilisika. Mwenyewe akijua hilo tangu mwanzo, hana sababu ya kifedha ya kujihadhari na hasara inayozidi thamani ya mali yake. Wala si ugonjwa wa Afrika peke yake. Huko Vernon, karibu na Los Angeles, kampuni ya Exide iliyeyusha betri kwa miaka mingi katikati ya vitongoji vya wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kiwanda kilifungwa 2015. Mwaka 2016 jimbo la California lilitenga dola milioni 176.6 kuanza kupima na kusafisha nyua za watu, na mwaka 2020 mahakama ya ufilisi iliiruhusu kampuni kuutelekeza mtambo wenyewe.

Dawa inayojulikana ni dhamana: kabla ya leseni kutolewa, mwenye kiwanda aweke benki, au kwa bima, fedha za kutosha kusafisha mahali hapo atakapoondoka. Akisafisha, anarudishiwa. Bima ina faida moja ya ziada ambayo naipenda, kwamba kampuni ya bima itatuma mtu wake kukagua vichujio, na mtu huyo hatatishwa na simu kutoka juu, kwa kuwa ni pesa za mwajiri wake zinazochezewa.

Njia nyingine ni mfuko wa sekta nzima. Marekani ilianzisha Superfund, mfuko wa kusafisha maeneo yenye sumu, mwaka 1980, ukiendeshwa kwa kodi ya mafuta na kemikali. Kodi hiyo iliachwa ikaisha 1995, na kwa miaka zaidi ya 25 mzigo ukawaegemea walipa kodi wa kawaida mpaka Bunge lilipoirudisha kwa sheria za 2021 na 2022.

Wachumi wanapendekeza nini: kodi au marufuku?

Arthur Pigou alitoa wazo mwaka 1920 kwamba anayemwaga sumu atozwe kodi inayolingana na madhara yake, naye atapunguza mwenyewe. Ronald Coase akajibu mwaka 1960 kwamba haki zikiwa wazi na mazungumzo yasipogharimu, pande mbili zinaweza kuelewana bila kodi. Kwa Owino Uhuru hoja ya Coase haisimami: watu 3,000 wasiojua kwamba wanalishwa sumu, wengi bila hati ya ardhi, wangekaa meza gani kujadiliana na nani?

Kodi ya moshi nayo inahitaji mita kwenye bomba. Shimo la nyuma ya nyumba halina bomba. Martin Weitzman alionyesha mwaka 1974 kwamba pale madhara yanapopanda kwa kasi kadiri sumu inavyozidi, ni salama zaidi kuweka kikomo cha kiasi kuliko kutegemea bei. Risasi karibu na watoto iko upande huo.

Hata hivyo bei na kikomo vinaweza kufanya kazi pamoja. Marekani ilipokuwa ikiondoa risasi kwenye petroli, iliweka kikomo lakini ikaruhusu viwanda vya kusafisha mafuta viuziane haki ya kutumia risasi kati ya 1982 na 1987, ili vile vilivyoweza kubadilika haraka vibadilike kwanza. Tathmini ya serikali yao ya 1985 ilikuta faida inazidi gharama zaidi ya mara 10. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 na zikaacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Vituo vya mafuta havikufungwa, na magari yaliendelea kutembea.

Sheria ikikazwa, sumu haihamii kwa jirani maskini?

Huhamia, na hili limepimwa. Oktoba 2008 Marekani ilishusha kiwango cha risasi kinachoruhusiwa hewani kutoka mikrogramu 1.5 hadi 0.15 kwa mita ya ujazo. Betri chakavu zikaanza kuvuka mpaka kwa wingi kwenda Mexico. Utafiti wa Shinsuke Tanaka, Kensuke Teshima na Eric Verhoogen uliangalia watoto waliozaliwa karibu na viwanda vya betri huko, ukakuta kwamba wanaozaliwa na uzito pungufu waliongezeka. Hewa ya upande mmoja ilisafika, na bili ikaandikwa kwa jina la mtoto wa upande wa pili.

Wapo waliotetea uhamisho huo kwa hesabu. Waraka wa ndani wa Benki ya Dunia wa Desemba 1991, uliotiwa saini na Lawrence Summers, aliyekuwa mchumi mkuu wake, ulisema mantiki ya kutupa takataka za sumu katika nchi yenye mishahara midogo kabisa haina kasoro, kwa kuwa hasara ya ugonjwa hupimwa kwa mapato yanayopotea. Baadaye ilielezwa kwamba uliandikwa kuchokoza mjadala. Bila kujali nia, hoja yake bado inatumika kimya kimya kila penye uamuzi wa wapi pa kujenga tanuru, kwa hiyo inastahili jibu. Kwanza, biashara ya haki inataka anayeubeba mzigo akubali na alipwe. Wakazi hawakuulizwa wala kulipwa. Pili, kupima uhai kwa mshahara ni kupima uwezo wa kulipa, si ukubwa wa maumivu. Mama wa Mikindani hampendi mwanawe kwa kiwango cha kipato chake.

Mkataba wa Basel wa 1989 unataka nchi inayopelekewa takataka hatarishi itoe kibali kwanza. Afrika iliona hautoshi, ikatunga wake, Mkataba wa Bamako wa 1991, unaopiga marufuku kabisa kuingiza takataka hizo barani. Lakini mikataba hii inalinda mipaka, na betri zinazotudhuru sisi wengi wetu tulizinunua dukani zikiwa mpya.

Nchi inapoteza kiasi gani?

Teresa Attina na Leonardo Trasande walikadiria mwaka 2013 kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati hupoteza dola bilioni 977 kwa mwaka kutokana na akili za watoto zinazopungua kwa risasi ya vyanzo vyote, na kwamba kwa Afrika ni karibu asilimia 4 ya pato la bara. Ni makadirio, tena yanategemea mishahara ya baadaye, kipimo nilichokikosoa sasa hivi. Hata ukiyakata nusu, bado ni fedha ambazo waziri yeyote wa fedha angezipigania zingekuwa zimo kwenye bajeti yake.

Na ajira za wauza skrepa?

Ni swali la haki, na anayelipuuza ataandika sheria isiyotekelezeka. Kijana wa mkokoteni si adui. Bila yeye betri haikusanyiki. Kazi ya kukusanya haina sumu nyingi kama betri haivunjwi. Kazi ya kuvunja na kuyeyusha ndiyo inayoua. Sheria nzuri inaiacha ya kwanza ilipe na inaifanya ya pili isilipe.

Basi nini kinafanya kazi?

Amana. Mnunuzi wa betri mpya anaongeza kiasi fulani dukani, na yeyote atakayeileta nzima, maji yakiwa ndani, anachukua fedha hizo. Majimbo mengi ya Marekani yanafanya hivyo na karibu betri zote hurudi. Kwetu masharti mawili ni ya lazima. Amana izidi kile ambacho mtu wa shimoni anaokoa kwa kumwaga tindikali na kukwepa vichujio, la sivyo bado atashinda mnada. Na ilipwe kwa anayeleta, awe mwenye gari au kijana wa mkokoteni, bila kuulizwa risiti.

Fedha zake zikusanywe bandarini. Huwezi kukagua kila ua wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, lakini waingizaji wa betri ni wachache na wanapita milango michache. Kenya ina mlango wa kisheria tayari: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwekea mzalishaji na mwingizaji wajibu juu ya bidhaa mpaka inapokuwa takataka. Tanzania inadai kibali cha NEMC, baraza lake la mazingira, kwa anayekusanya na kusafirisha taka hatarishi. Kinachokosekana ni bei itakayomfanya mtu atake kupita mlango huo.

Ukaguzi nao usidharauliwe. Bangladesh waligundua manjano yao yanaongezwa rangi ya risasi ili yang'ae. Serikali ikawatangazia wananchi, ikapeleka mashine za kupimia sokoni, ikawatoza faini wauzaji hadharani. Manjano yenye risasi sokoni yalikuwa asilimia 47 mwaka 2019. Mwaka 2021 yakawa sufuri.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Kwa nini betri zisipigwe?

Mfuko uliotumika hauna bei, na kikapu kipo. Kenya ilipopiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, wengi walihama ndani ya wiki chache. Betri haina mbadala wa bei hiyo kwa kila kazi bado, ingawa lithiamu inaingia kwenye sola na pikipiki za umeme, na hizo nazo zitahitaji utaratibu wake zikichakaa.

Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ni suala hilohilo?

Kwa sehemu. Huko Geita na Chunya, Tanzania, anayechoma zebaki anajidhuru mwenyewe na familia yake kwanza, na analipwa dhahabu siku hiyohiyo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, unabana biashara yake, lakini mchimbaji ataiacha pale njia nyingine itakapompa dhahabu nyingi zaidi kutoka mawe yaleyale.

Nina betri ya zamani nyumbani. Nifanye nini?

Usiifungue wala kumwaga maji yake. Iweke imesimama, mbali na watoto. Unaponunua mpya, mwombe mwenye duka akupunguzie bei kwa ile ya zamani, na umuulize anaipeleka wapi. Duka likiulizwa mara nyingi huanza kutafuta jibu. Usikubali risasi iyeyushwe kwenye ua wenu hata kwa chubwi chache. Na kama mnaishi karibu na mahali palipowahi kuyeyushwa betri, omba hospitali ya mkoa au kaunti kipimo cha damu cha madini ya risasi, ukianza na watoto wenye umri chini ya miaka 6 na wajawazito. Osheni mikono ya watoto kabla ya kula, na sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa, ili vumbi lisipande.